Kapas Imechanua Mwaka Huu

Rinkeby, Stockholm
8 Januari 1984

Kaka yangu Yosefu,

Shikamoo. Natumaini barua hii umepewa na Obiero mwenyewe, mkono kwa mkono. Huyu ni Mjaluo wa Kisumu. Amesomea uhandisi hapa miaka minne na sasa anarudi kwao. Dada yake ameolewa Bugiri, ndiyo maana nimethubutu kumwomba afike hadi kwako. Mpe chai na umwamini kama unavyoniamini mimi.

Mama hajambo? Ule mguu bado unamvimba? Mwambie namshikia miguu yote miwili. Msalimie mkeo, na Clementina, ambaye nadhani sasa amenipita urefu. Sisi huku tu wazima. Milly ametimiza miaka tisa. Nikimsemesha Kiswahili ananielewa kila neno, halafu ananijibu Kiswidi, tena haraka, kama mtu anayefukuza kuku. Mimi bado nipo kwenye dobi la hospitali, upande wa mashine za kukaushia. Mashuka yanatoka ya moto, huku nje theluji imefika kwenye vioo vya madirisha ya chini.

Sasa jambo lililonifanya nimtume mtu. Barua zako mbili zilizopita zilinifikia zikiwa zimefunguliwa na kubandikwa tena kwa gundi ya kahawia. Wewe hutumii gundi hiyo. Wapo wanaotusoma, kaka.

Wewe na Mama tu ndio mnajua niliondokaje Kampala. Mnajua kwamba nilikuwa napiga taipu majina ya waliokamatwa, kwamba siku moja niliona jina la mume wangu Ssali, la kumi na saba kutoka juu, na kwamba nakala za karatasi zile nilitoka nazo nimezishonea ndani ya koti la mtoto. Wakizijua, hawatanisahau. Nilikuahidi kwamba nikifika Ulaya nitanyamaza kwa ajili yenu, na nimenyamaza.

Lakini tunahitaji njia ya kuambizana ukweli. Nimefikiria hivi. Unakumbuka kiwandani, Mama alipokuwa akichagua pamba na wanawake wenzake? Mzee Nanji, mwenye kiwanda, hakusema pamba. Pamba yenye mbegu aliita kapas, kwa lugha ya kwao. Basi wanawake wakimwona anatoka stoo, mmoja anapaza sauti, "Kapas! Leteni kapas!" Aliyekaa anasimama, na Baba anazima sigara yake nyuma ya mashine. Nanji akadhani wanaipenda kazi.

Kila barua tutaje habari ya pamba, hata mstari mmoja. Ukiandika pamba, najua umeandika kwa hiari yako na ninaweza kukuamini. Ukiandika kapas, najua kuna mtu amesimama nyuma yako, na nisiamini lolote uliloandika. Nami nitafanya hivyo hivyo.

Ukimaliza kusoma, ichome.

Mdogo wako,
Jovia

---

Iganga
19 Februari 1984

Mdogo wangu Jovia,

Marahaba. Mgeni wako alifika, akala viazi na karanga, akamchekesha Mama mpaka akashika mbavu. Ulichosema nimekisikia, na karatasi imekwenda jikoni. Nilimsomea Mama pia, usikasirike. Unajua hakubali nimsomee barua yako nusunusu, ananitazama mdomo. Alisikiliza, kisha akasema, "Huyo mtoto ana akili za baba yake."

Mguu umepungua, ila sasa kifua kinambana akipanda kutoka kisimani. Nimemkataza kwenda, anakwenda.

Clementina amefaulu kuingia kidato cha tatu. Ametimiza kumi na sita, na kweli amekupita urefu. Jumamosi anashona kwa cherehani ya mama yake, na amenituma nikuulize kama ni kweli huko wanawake wanaendesha treni. Anataka shangazi yake amjibu mwenyewe, hakubali majibu yangu.

Kiwanda bado kimelala. Nakwenda mara mbili kwa wiki kuzipaka mashine grisi zisishike kutu. Wanasema Wahindi waliofukuzwa wameruhusiwa kurudi kudai mali zao, na kwamba mtoto wa marehemu Nanji ameandika barua. Pamba mwaka huu imelimwa kidogo, watu wamehamia mahindi. Hiyo ndiyo habari ya pamba.

Jovia, neno moja. Huko kuna mikutano ya watu wa kwetu, nasikia. Usiende. Wanaozungumza huko wanalala usingizi, wanaoamshwa ni sisi.

Kaka yako,
Yosefu

---

Rinkeby
25 Machi 1984

Kaka Yosefu,

Shikamoo. Milly alikuwa na homa wiki iliyopita, amepona. Mwambie Clementina kwamba ni kweli kabisa. Treni ninayopanda Jumanne inaendeshwa na mama mnene mwenye miwani, na ananipungia mkono. Nimemtumia gauni la kitambaa cha bluu, afungue mishono ya pembeni kama linabana. Pamba yake ni nzuri, haichuji.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nasubiri treni pale Sundbyberg. Mwanamume akasimama karibu yangu, amevaa vizuri, kofia ya manyoya. Akasema, "Habari za leo, binti Januari?" Kwa Kiswahili cha kwetu kabisa. Kaka, hapa hakuna anayejua jina la Baba. Kwenye karatasi zangu zote najulikana kwa jina la Ssali. Nikamwuliza ananijulia wapi. Akasema, "Mji ni mdogo," akainua kofia, akaondoka bila kupanda treni.

Labda ni mtu aliyesoma nasi. Labda nimechoka tu.

Je, kwenu wageni wanafika? Mnao wageni wa kuulizia watu? Nijibu upesi.

Sijafanya lolote, kaka. Naenda kazini na kurudi.

Jovia

---

Rinkeby
6 Mei 1984

Kaka Yosefu,

Shikamoo. Sijapata barua yako tangu ile ya Februari. Najua posta inachelewa. Huku theluji imekwisha na watoto wanacheza nje. Milly simruhusu.

Gauni la Clementina lilifika? Lilimkaa? Pamba huko imepandwa?

Hata mstari mmoja, kaka.

Jovia

---

Iganga
20 Mei 1984

Mpendwa dada yangu Jovia Januari,

Natumaini u mzima wa afya, kama sisi tulivyo wazima hapa nyumbani. Madhumuni ya barua hii ni kukujulisha kwamba hali ya nchi sasa ni ya amani na utulivu. Serikali imewasamehe wote walioondoka kwa makosa madogo, na hakuna anayeulizia habari zako. Watu wengi wamerudi na wamepewa kazi zao.

Jambo la pili ni kwamba Mama yetu mzazi ni mgonjwa sana. Moyo wake umechoka. Daktari amesema hana miezi mingi. Anakuita kila siku. Ombi lake ni moja tu, akuone kabla hajafumba macho.

Kwa hiyo tunakuomba uje. Upitie Entebbe, ni karibu na salama. Utuandikie siku na namba ya ndege ili tuje kukupokea. Uje na karatasi zako zote za kazi ya zamani, zitahitajika ili urudishwe kazini.

Mtoto wa marehemu Nanji alifika kukiangalia kiwanda. Ameahidi kukifufua. Mama anasema nikuambie kwamba kapas imechanua vizuri mwaka huu.

Mama ameweka dole gumba lake hapa chini.

Ni mimi kaka yako,
Yosefu Januari

---

Tumba
17 Juni 1984

Kaka Yosefu,

Shikamoo. Barua yako imenifikia siku tatu zilizopita. Nimeisoma mara nyingi, na dole gumba la Mama nimeligusa mpaka wino umeanza kufifia. Mwambie nimemsikia anavyoniita.

Utaona anwani imebadilika. Tumehamia kwa muda kwa rafiki yangu Olivia, nyumba yake ni kubwa na Milly ana wa kucheza naye ndani. Shule zimefungwa, kwa hiyo hatoki.

Kuhusu safari, nia ninayo. Ila watu wa ofisi ya wageni hawajanipa hati ya kusafiria, na wanasema itachukua muda mrefu. Siwezi kutaja siku. Karatasi za kazi ya zamani sina, nilizitupa zamani, wala sikumbuki zilikuwa zinasema nini.

Umeandika habari za kiwanda, nami nina kisa kidogo. Kazini tunaye mwanamke wa Nepal, anaitwa Devmaya. Tunasemeshana kwa Kiswidi chetu kibovu, anakunja mashuka upande huu nami upande ule. Juzi nilishika boksi la pamba ya hospitali, limechorwa tunda la pamba limepasuka. Nikamwuliza kwao wanaliitaje. Akasema, "Kapas." Akasema hata Wahindi wanaita hivyo hivyo. Boksi likaniponyoka. Akacheka, akanisaidia kuokota.

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba neno hilo bado lina wenyewe, kwamba mtu anaweza kulitamka tu kwa sababu ni neno lake. Kwa hiyo nakuuliza, kaka, kwa kuwa mimi niko mbali na maneno yanabadilika. Mtoto wa Nanji alipokuja, alilisema yeye ukalichukua kwake? Au ninyi wenyewe sasa mnasema hivyo? Nijibu hilo, hata kama ni dogo.

Na Clementina? Barua nzima hukumtaja. Mwambie aniandikie yeye mwenyewe.

Mshikie Mama mkono kwa niaba yangu. Usiuachie upesi.

Jovia

---

Iganga
22 Julai 1984

Dada Jovia,

Mama amefariki tarehe tisa mwezi huu, saa nne asubuhi. Tumemzika kando ya Baba. Padri alikuja, watu walikuwa wengi.

Uliuliza habari ya neno. Mtoto wa Nanji hakulisema, alisema Kiingereza tupu. Sisi hapa tunasema kama Mama alivyosema mwenyewe, kapas.

Usijisumbue na safari sasa.

Yosefu

---

Tumba
2 Septemba 1984

Kaka Yosefu,

Shikamoo. Padri wa hapa alimsomea Mama misa Jumapili, tukawa watu tisa. Milly aliimba Kiswidi.

Sikuja. Nilikuwa na miguu miwili na sikuja kumzika mama yangu. Sitaki uniambie kwamba nilifanya vizuri au vibaya. Nataka tu ujue kwamba saa nne ile nilikuwa kazini natoa mashuka kwenye mashine, na sikuhisi chochote, hata moyo haukushtuka.

Ninaogopa mlango, kaka. Mtu wa posta akigonga, Milly anajificha bafuni kabla sijamwambia. Mtoto wa miaka tisa, na nimemfundisha mimi.

Clementina yuko wapi? Hii ni mara ya tatu nauliza. Kama umenikasirikia, niandikie kwamba umenikasirikia, lakini mtaje.

Jovia

---

Busia, upande wa Kenya
11 Desemba 1984

Mdogo wangu Jovia,

Barua hii anaileta Obiero, anakuja huko kuchukua cheti chake. Niko nyumbani kwa binamu yake. Hakuna mtu nyuma yangu. Kuhusu pamba, imelala kwenye marobota pale forodhani, nimeiona leo asubuhi. Pamba, Jovia. Pamba. Sasa unaweza kunisoma.

Walikuja tarehe ishirini na sita Aprili, mchana, watatu. Hawakuja kwangu kwanza. Walianza shuleni, wakamtoa Clementina darasani akiwa na lile gauni lako la bluu chini ya sare. Alikuwa amelivaa akawaonyeshe wenzake wakati wa mapumziko. Kisha wakaja nyumbani, wakakaa kwenye viti vyangu, na mkubwa wao akaniambia kwa upole kabisa, "Mlete dada yako na karatasi zake, tutakuletea mtoto."

Nikakubali.

Hilo nataka ulisome vizuri, kwa sababu nimekuona katika barua zako unadhani nilikuwa mtu wa kukulinda. Sikubishana nao. Wala sikuomba siku ya kufikiri. Waliponiamuru maneno niliyaandika, na nilipofika kwenye habari ya kiwanda sikusahau agano letu. Nilikumbuka, nikaandika pamba. Niliandika hivyo makusudi, Jovia, ili uamini, ili uje. Nilikuwa nimeshachagua, na sikukuchagua wewe.

Wakataka Mama aweke dole gumba. Alikuwa amelala kwenye mkeka, kweli mgonjwa, hilo halikuwa la uongo. Wakaniambia nimsomee kwanza. Nikasoma mpaka mwisho. Akasema, "Hujaandika maneno yangu."

Nikamwuliza maneno gani.

Akasema, "Mwambie Jovia kapas imechanua vizuri mwaka huu."

Nilimtazama. Alinitazama vile vile anavyonitazama mdomo nikisoma nusunusu. Yule mkubwa akauliza kapas ni kitu gani. Mama akamjibu bila kugeuka, "Ni pamba, mwanangu. Ndivyo walivyosema Wahindi wetu. Mimi nimeichagua miaka ishirini na moja, siijui kwa jina jingine." Wakacheka. Mmoja akasema, "Mwandikie bibi maneno yake, ndiyo yatakayomleta binti." Mbele yao ningefanya nini? Nikachana karatasi ile, nikaandika upya. Akaweka dole gumba.

Walipoondoka nilimfokea mama yangu mgonjwa. Nilimwambia, "Umemuua mtoto wangu." Akasema, "Wakishampata Jovia, watamrudisha Clementina? Nani kakwambia?" Nikamwambia alikupenda wewe kuliko sisi sote. Mke wangu ndiye aliyemlisha tangu siku hiyo. Mimi nilipita mlangoni kwake nikitazama chini, wiki saba. Tarehe nane Julai aliniita, nikasema ninakuja, nikaenda kupaka mashine grisi. Alikufa kesho yake tukiwa hatusemezani. Nilipokwisha kumzika ndipo nikakuandikia neno lake, na kukuambia usije.

Walirudi mara mbili kuuliza ndege yako. Nikawaonyesha barua yako ya hati ya kusafiria. Mara ya pili walinivunja kidole hiki ninachoandikia, ndiyo sababu mwandiko umepinda.

Mwezi wa Oktoba yule mkubwa akahamishwa. Aliyekuja mahali pake aliwaachia wanafunzi wanne siku moja, hakusema kwa nini, kama vile walivyokamatwa bila kusemwa kwa nini. Clementina alikuja kwa miguu kutoka barabara kuu. Wiki iliyofuata tukavuka huku sote watatu.

Yuko hai. Anakula. Hakai kwenye kiti kinachoupa mlango mgongo. Hasemi mpaka aulizwe, na akiulizwa anajibu, "Ndiyo, baba," hata kama swali halikuwa la ndiyo. Mke wangu anajua zaidi, na hajaniambia, nami sijathubutu kumwuliza.

Jambo moja sijalielewa. Walijuaje kwamba karatasi zipo? Sisi watatu tu ndio tulijua. Nimefikiri labda mimi nilimwambia mtu nikiwa nimelewa, lakini tangu Ssali achukuliwe sijanywa.

Kaka yako,
Yosefu

---

Tumba
6 Januari 1985

Kaka yangu Yosefu,

Shikamoo. Obiero alinipa barua yako Jumamosi ya wiki iliyopita. Nilimwomba akae na Milly sebuleni, nikaenda kuisoma jikoni. Nilipotoka alikuwa amevaa koti lake tayari. Alijua, nadhani, kwamba sitaweza kuzungumza.

Sina salamu nyingi leo. Nitakujibu lile ulilosema hukulielewa.

Tarehe tatu Machi, Jumamosi, alasiri, niliingia kwenye ukumbi pale Sundbyberg. Walikuwapo watu kama sitini, wengi Waswidi, na wetu kama kumi na watano. Waandaaji wa mkutano walikuwa wameniomba tangu Desemba nami nikakataa, nikakataa tena. Kisha ikaja barua yako ya Februari, unaniambia nisiende. Niliisoma nikakasirika. Nilisema moyoni, Yosefu anataka nife nimefumba mdomo huku mume wangu ni namba kumi na saba. Nikaenda. Nikafumua mshono wa koti la Milly mbele yao, nikatoa karatasi, nikasoma majina. Mia moja na nne. Nilipofika la kumi na saba mtu akaniletea maji. Watu walilia. Nami, kaka, kwa mara ya kwanza tangu nitoke nyumbani nilijisikia mtu.

Safu ya nyuma alikuwapo mwanamume mwenye kofia ya manyoya magotini, anaandika. Nilimwona. Nilidhani ni mwandishi wa gazeti.

Siku chache baadaye ndipo akaniita binti Januari. Nilijua siku ile ile. Barua niliyokuandikia Machi, niliposema sijafanya lolote, niliiandika nikijua. Ningekwambia ukweli wakati ule, kwa njia yoyote, kwa Obiero, kwa simu ya parokia, ungemhamisha Clementina mapema. Mwezi mzima ulikuwapo. Niliutumia kuuliza kama wageni wanafika, kwa sababu niliona haya kukwambia kwamba nimewaita mimi.

Kwa hiyo usinitumie tena kisa cha mlevi aliyetoboa siri. Si wewe.

Kuhusu ulilochagua wewe. Nimekaa na jambo hilo siku mbili. Nilijaribu kukuchukia, ikashindikana, kwa sababu kila nilipoanza niliona wanaume watatu wako sebuleni kwangu, na Milly hayupo. Ningeandika pamba, kaka. Ningeandika kwa herufi kubwa. Sisemi kwamba nimekusamehe. Nasema tu kwamba ningefanya hivyo hivyo.

Alilofanya Mama sijui nilibebe vipi. Alikuwa anataka kuniona. Najua alitaka, hilo halikuwa la kuandikiwa. Na hakuwa na hakika juu ya Clementina, hata kidogo. Alikisia tu, kwenye mkeka, na watu wale wanacheka juu yake. Wewe ulinyamaza wiki saba, mimi nilimwacha akazikwa na watu wengine. Hatuna cha kushindana hapo.

Sasa sikiliza. Nimekwenda ofisi ya wageni, safari hii kwa kweli. Wanasema mtoto wa ndugu ni vigumu, lakini mtoto aliyefungwa kwa ajili ya ushahidi uliosomwa hapa hapa, hilo wanaweza kulitazama. Olivia atatia sahihi pamoja nami. Zinahitajika picha mbili, cheti cha kuzaliwa, na maelezo kwa mkono wake mwenyewe, kwa lugha yoyote. Chumba kipo. Kina dirisha linalotazama uwanja, na kitanda nimekiweka ukutani, anayelala anaona mlango.

Lakini kabla ya picha na vyeti, mkalishe chini, na mama yake awepo, umsomee barua hii. Yote. Usiruke ukumbi wa Sundbyberg, usiruke mwezi niliokaa kimya. Asije akafika hapa akadhani amekimbilia kwa mtu aliyemwokoa. Akikubali kuja akiwa anajua, nitakuwa uwanja wa ndege tangu alfajiri.

Akisema hataki kuniona, usimbembeleze, wala usimkumbushe kwamba mimi ni shangazi yake. Niandikie tu maneno aliyoyasema, kama alivyoyasema.

Jovia